Steringi ni nani? Blade Runner ya 1982 na mwendelezo wake wa 2049

Mzee wa Mkanda:

Wakuu, habari za jioni. Tahadhari kabla hujateremka: humu nitamwaga kila kitu, nani anakufa na nani anabaki. Kama hujazitazama hizi filamu mbili na hutaki kuharibiwa utamu, pita kwanza, urudi ukimaliza. Kama uliwahi kujaribu mojawapo ukalala njiani, kaa hapa hapa, uzi ni wako.

Nianze na kibanda. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kulikuwa na kibanda umiza Buguruni nilichokuwa naingia kwa kutoroka nyumbani. Kanuni za kibanda mnazijua, hazikuandikwa popote: steringi hafi. Anaweza kupigwa mwanzoni, akafungwa kamba, akatupwa mtoni, lakini mwisho anageuza kibao. Adui mkubwa anabakizwa wa mwisho na anakufa vibaya. Ukishaona sura ya mtu kwenye kava la mkanda unajua huyo atafika salama, unatulia unakula karanga zako.

Siku hiyo mwenye kibanda akaweka mkanda wenye sura ya Harrison Ford. Tukashangilia, tulishamjua kwa kofia na mjeledi wake. Basi tukasubiri. Muda unakwenda, hakuna ngumi. Baadaye steringi anamkimbiza mwanamke aliyevaa koti la mvua la plastiki, anampiga risasi ya mgongo. Ya mgongo, jamani! Kibanda kikanyamaza. Dakika chache mbele anachapwa makofi na jitu moja liitwalo Leon, na anayemwokoa ni mwanamke kwa risasi moja. Mwisho kabisa anavunjwa vidole viwili, anamkimbia adui chumba hadi chumba, ananing'inia kwenye chuma juu ya ghorofa, na mkono unaomvuta juu ni wa adui mwenyewe. Adui anakaa chini kwenye mvua, anasema maneno machache, anainamisha kichwa, anakufa. Hajauawa na mtu.

Watu walidai hela zao. Mwenye kibanda akatoa mkanda, akaweka wa kareti, amani ikarudi.

Mimi sikudai. Nilirudi nyumbani nikala viboko vyangu, na swali nikabaki nalo: sasa pale steringi alikuwa nani? Nusu ya jibu nimekuja kuipata 2017, ilipotoka ya pili.

Kwa wageni, kwa ufupi. Ya kwanza ya Ridley Scott ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982, imetokana na riwaya ya Philip K. Dick ya 1968. Dick alifariki Machi mwaka huohuo, alikuwa ameonyeshwa vipande tu. Hadithi iko Los Angeles, Novemba 2019 (ndiyo, mwaka tulioupita ukiwa na bodaboda za kawaida tu, hakuna gari lililoruka). Ilipotoka haikufua dafu. E.T. ilikuwa imeanza kuonyeshwa wiki mbili kabla na watu walitaka mgeni wa kukumbatiwa. Mwendelezo ni wa Denis Villeneuve, umetoka Oktoba 2017, hadithi inaruka miaka thelathini mbele. Nao haukurudisha fedha ilivyotarajiwa: umetengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 150 na kukusanya zaidi ya milioni 250 dunia nzima, ambayo kwa biashara ile, ukitoa ya majumba ya sinema na ya matangazo, ni kilio. Mama na mtoto wamerithiana mkosi.

Sasa twende kwenye hoja.

Katika ya kwanza, Deckard, ndiye huyo Harrison Ford, kazi yake ni kuwaua replikanti, binadamu wa kutengenezwa, wanaotoroka kutoka sayari za mbali walikokuwa wakitumikishwa. Neno linalotumika kazini si kuua, ni kustaafisha. Hebu mkae na neno hilo kidogo. Replikanti wa toleo la Nexus-6 wana nguvu na akili, lakini wamepewa miaka minne tu ya kuishi, makusudi, wasije wakakomaa na kuanza kujitakia mambo yao. Roy Batty, yule adui aliyefia mvuani, na wenzake wanakuja duniani kumtafuta aliyewatengeneza, Tyrell, wamwombe nyongeza.

Pima kwa mizani ya kawaida ya hadithi, hata ya bibi yako: nani anataka kitu? Nani amesafiri kukitafuta? Nani amefika kwa mfalme akanyimwa? Nani mwishoni si yule wa mwanzo? Majibu yote ni Roy. Deckard hataki kitu. Amelazimishwa kazi, anaifanya kama karani wa masijala anayesukuma mafaili, anakunywa, anarudi kulala. Replikanti anaowaua kwa mkono wake katika filamu nzima ni wawili, wote wanawake. Tulimwita steringi kwa sababu ya kava.

Na kile kifo. Rutger Hauer, aliyemwigiza Roy, aliyapunguza maneno yake yeye mwenyewe kabla ya kupigwa picha, akaongeza ile sehemu ya mambo yote kupotea kama machozi mvuani. Mtu aliyenyimwa muda anautumia uliobaki kumvuta aliyetumwa kumuua. Hauer mwenyewe alifariki Julai 2019. Mwaka uleule wa Roy. Niliposikia nilikaa kimya kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Villeneuve sasa. Yeye hana kificho: steringi wake, K, ni replikanti tangu dakika ya kwanza, askari anayewaua wenzake. Amezoezwa kutii. Kila akitoka kazini anawekwa kwenye chumba cheupe, anarudishiwa maneno kwa kasi, ayajibu bila moyo kutikisika. Mistari ile imetoka kwenye kitabu cha Nabokov, Pale Fire. Akitikisika, kwisha habari yake. Jirani zake wanamtukana kwenye ngazi. Nyumbani ana Joi, mke wa mwanga, bidhaa ya kununuliwa dukani.

Halafu inagunduliwa mifupa chini ya mti. Replikanti aliyekufa akizaa. Haijawahi kutokea. K anatumwa amtafute mtoto amfute, na kadiri anavyotafuta ndivyo vidole vinavyomwelekea yeye. Tarehe iliyochongwa kwenye mzizi wa mti ndiyo iliyo chini ya farasi wa mbao anayemkumbuka utotoni mwake. Anamkuta farasi palepale alipomkumbuka, kwenye tanuru la kituo cha yatima. Anamwendea mtengenezaji wa kumbukumbu, Dk. Ana Stelline, anayeishi nyuma ya kioo kwa ajili ya ugonjwa; binti anaitazama kumbukumbu ile, machozi yanamtoka, anasema hii kuna mtu aliiishi kweli.

K anaamini. Na sisi tunaamini pamoja naye, tena kabla yake! Kwa nini? Kwa sababu tumelelewa na kibanda. Sura yake iko kwenye kava. Bila shaka ndiye mteule, mwana wa mfalme aliyetupwa akiwa mchanga, hadithi hii tunaijua tangu kwenye mkeka.

Kisha yule mama wa jicho moja, Freysa, anamwambia mtoto alikuwa wa kike. Kumbukumbu ni ya Stelline. Anamtazama usoni, anaelewa: ulidhani ni wewe. Sote tulitamani iwe sisi.

Wakuu, nimetazama filamu nyingi. Sijaona steringi akivuliwa usteringi hivyo, mbele ya macho yangu, zikiwa zimebaki dakika kama arobaini. Na hapo ndipo nilipoelewa kumbe kosa la Buguruni lilikuwa ni letu.

Maana tazama anachofanya baada ya hapo. Freysa anamwagiza amuue Deckard, baba wa mtoto yule, asije akatoa siri. Wallace, tajiri mwenye kampuni iliyomtengeneza K, anamtaka Deckard akiwa hai amtese. Pande mbili zinamvuta na yeye hana lolote la kupata kokote. Anachagua la tatu: anamtoa Deckard majini, anampeleka kwa binti yake, anabaki nje kwenye ngazi na jeraha lake. Theluji inaanguka, na ule muziki wa kifo cha Roy unarudi. Ndani binti naye yuko katikati ya theluji yake ya kutengeneza. K analala chali.

Mwishoni mwa kila filamu Deckard kaokolewa na replikanti, na mara zote mbili mwokozi anakufa muda mfupi baadaye. Huyo ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote Los Angeles, na bado wanamwandika jina lake juu.

Msimamo wangu: ya 2017 ina hadithi bora. Nimesema. Njooni na mawe.

chekibobu:

Mkuu uzi mrefu kama reli ya kati. Nani anifupishie?

Mzee wa Mkanda:

Steringi siye. Nenda kalale.

Mvumilivu:

Mimi ya 2049 nilianza saa tatu usiku na mama watoto. Nilipoamka jamaa bado anatembea kwenye vumbi la rangi ya chungwa. Nikalala tena. Nilipoamka mara ya pili bado anatembea. Karibu saa mbili na dakika arobaini na tano, mkuu! Ile ya kwanza ni chini ya saa mbili. Mtu mwenye hadithi bora haimchukui muda wote huo kuisimulia.

Mzee wa Mkanda:

Mvumilivu, jina na matendo havifanani, ndugu yangu. Lakini hoja yako ina haki. Scott naye ni mwendapole, ila anakupa cha kutazama katika kila kona ya picha, hujui ushike kipi. Villeneuve anakupa kitu kimoja kikubwa kisha anakusubiri ukitazame. Ukiwa umechoka na kazi za mchana, unalala. Hilo vumbi la chungwa ni Las Vegas, na ulipolala umekosa kitu: K anamkuta Deckard na mbwa, anamuuliza kama mbwa ni wa kweli au wa kutengenezwa. Deckard anamjibu amuulize mbwa mwenyewe. Miaka zaidi ya thelathini watu wanagombana kama Deckard ni replikanti (Scott anasema ndiyo, Ford kwa miaka mingi alishikilia ni mtu), na mwendelezo ukatoa jibu la aina hiyo kupitia mbwa. Nilicheka peke yangu.

Wa Kisauni:

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu mleta uzi, umesema vyema juu ya hadithi lakini umeuruka mji, nao ndio nusu ya filamu.

Ile ya kwanza nikiitazama nahisi nasukumwa. Watu bega kwa bega, miavuli yenye vijiti vya mwanga, mvuke watoka kwenye vyungu vya tambi, mmoja auza nyoka wa kutengeneza, mwengine atengeneza macho ndani ya baridi. Lugha zimechanganyika mpaka zimekuwa lugha moja ya mtaani. Yule polisi Gaff, aliyeigizwa na Edward James Olmos, aliitunga mwenyewe kwa kuokota Kijapani, Kijerumani, Kihangari na nyingine. Hii ni hali ya mji wa bandari, sisi twaijua. Mji umeoza lakini uko hai. Na yote yale yalijengwa kwenye mtaa wa studio pale Burbank, wakapiga usiku, wakamwaga mvua na moshi ili isionekane mitaa yenyewe ni ya mbao na rangi. Umaskini wa seti ndio uliozaa uzuri.

Katika 2049 mji uko wapi? Twaona kumbi za Wallace, kubwa kama hangari za ndege, ndani watu wawili. Twaona jangwa. Twaona ukuta wa bahari. Roger Deakins alipewa Oscar yake ya kwanza kwa picha hizo, baada ya kuteuliwa mara kumi na tatu bure, na alistahiki, sibishi. Kila picha yaweza kutundikwa ukutani. Lakini mimi sitaki kuitundika, nataka kuingia ndani ninunue kitu.

Jambo moja lilinifurahisha lakini. Yule anayempima farasi wa mbao, Doc Badger, ni Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, yule wa Captain Phillips. Na azungumza Kisomali mle ndani, K amjibu kwa Kiingereza kama jambo la kawaida. Nilimwita mke wangu aje asikie. Los Angeles ya mwaka 2049 na Msomali ana duka lake, apima vitu, aleta bei. Hapo niliamini kuwa filamu yasema kweli juu ya siku zijazo.

Mzee wa Mkanda:

Bwana wa Kisauni, hili la kununua kitu limenimaliza. Nakubali kabisa: kwenye mji nimeshindwa. Nitetee kidogo tu: utupu ule ni wa makusudi. Miaka thelathini imepita, wenye uwezo wamehamia sayari nyingine, chakula ni funza wa kufugwa chini ya mahema, umeme ulishazimika mwaka 2022 ukafuta kumbukumbu zote. Mji uliobaki ni wa watu waliojifungia ndani na hologramu zao. Lakini ndiyo, kuelewa sababu ya utupu si sawa na kuupenda.

Fundi Redio:

Mmeanza kunitamanisha. Nami nije na la kwangu, maana hakuna hata mmoja aliyegusa sauti.

Vangelis, mtunzi wa muziki wa ile ya kwanza, alikaa na Yamaha CS-80, kinanda kizito kama jeneza, akakibonyeza huku anaitazama picha. Ukisikia ile noti ya kwanza inapanda halafu inashuka kidogo kama mtu anayeugulia, huwezi kusema ni furaha au msiba. Saksafoni inakuja, unapata hisia za baa iliyofungwa. Muziki wake una huruma na wale watu.

Mwendelezo ulikuwa upigwe na Jóhann Jóhannsson, akaondolewa, wakaletwa Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch. Wakafanya nini? Ngurumo. Spika zangu za mtumba zilitetemeka mpaka jirani akagonga ukuta. Ni kazi safi ya ufundi, inakukandamiza kifuani, inafaa kwa ukuta wa bahari na mawimbi. Lakini tazama hili: pale K anapolala kwenye theluji, walipohitaji moyo, walirudi kuazima kwa Vangelis. Mtoto akilemewa hukimbilia kwa baba.

Na picha za majumba msidhani zote ni kompyuta. Ya kwanza ilitegemea vijumba vidogo vya kuchonga na taa. Mwendelezo nao ulijengewa vijumba, na mafundi wa Weta kule New Zealand. Ndiyo maana ile Los Angeles ya kijivu unaiamini, mwanga unaigonga kweli. Filamu kibao za bei hiyo unaziona zimepakwa tu.

binti_wa_pangani:

Shikamooni wakubwa. Nimesoma kimya muda mrefu, sasa naomba niseme, msinikasirikie.

Mnagombea nani steringi, Roy, K, Deckard. Wote wanaume. Wanawake wa filamu hizi mbili wamewekwa wapi? Nianze na ya kwanza, hiyo mnayoiita mama wa zote. Rachael, yule replikanti aliyempiga risasi Leon, anataka kutoka nyumbani kwa Deckard, Deckard anaubamiza mlango, anamsukuma kwenye dirisha, anamwamuru aseme maneno ya mapenzi. Muziki wa saksafoni unapigwa pale, Fundi Redio. Muziki una huruma na nani? Kila nikirudia filamu ile sehemu hiyo naisogeza mbele.

Ya pili ndiyo mnasema bora. Rachael kafa akizaa, hata hajaonekana. Halafu wanamrudisha kwa kompyuta, sura ya Sean Young ya miaka ile juu ya mwili wa mwigizaji mwingine, anatembea hatua kumi, Deckard anasema macho yake yalikuwa ya kijani, Luv, mtumishi wa Wallace, anampiga risasi ya kichwa. Kaletwa kama sampuli ya kitambaa, haikulingana, kakatwa. Replikanti mwingine wa kike anashuka kutoka kwenye mfuko, uchi, Wallace anampapasa, anamchana tumbo. Huyo Wallace wa Jared Leto anaongea kama anahutubia msiba wa mtu asiyemjua.

Na Joi. Mzee, umempitia kwa sentensi moja, „bidhaa ya kununuliwa dukani”. Kwangu yeye ndiye swali lote la filamu. Anampa K jina, anamwita Joe, anamwambia siku zote nilijua wewe ni wa pekee. Anataka kutoka kwenye mashine ya ukutani aende naye ndani ya kifaa cha mkononi, akijua kikiharibika kile kifaa amekufa. Kikasagwa kwa kisigino cha Luv, neno la mwisho anamwambia anampenda. Halafu K anatembea darajani kwenye mvua, tangazo kubwa la waridi linainama, sura ni ya Joi, macho meusi, linamwita Joe. Jina alilopewa kumbe lipo kwenye tangazo.

Sasa niambieni. Alimpenda au alikuwa anauzwa?

Mzee wa Mkanda:

Marahaba, mwanangu. Hakuna wa kukukasirikia hapa.

Mlango wa Rachael sina utetezi. Nilipokuwa mdogo hatukuuona, kibanda kizima, na hilo ni la kwetu. Leo nikitazama nageuza uso. Wallace pia nimekuachia, kila akitokea filamu inasimama kumngoja amalize. Na ule uasi wa kina Freysa unafunguliwa kama mlango wa filamu ya tatu kisha unaachwa wazi upepo uingie.

Kwa Joi nimekaa tangu asubuhi. Kabla ya daraja lile K angeweza kujidanganya. Pale anaona kila kitu alichodhani ni chake, mapenzi, jina, utoto, vimetoka kiwandani vikiwa vingi. Na ni baada tu ya kusimama pale, mvua inamchuruzika, ndipo anapokwenda kufanya lile jambo pekee ambalo hakuna aliyemuuzia. Kwa hiyo swali lako nadhani filamu imekataa kulijibu, kama ilivyokataa la mbwa. Ila mimi, nikilazimishwa kupiga kura, nasema alimpenda. Yule aliyeomba kumbukumbu zake zifutwe kwenye mashine ya ukutani alijiweka kwenye hatari ya kufa kwa ajili yake. Roy tulimwamini kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

binti_wa_pangani:

Roy mlimwamini kwa sababu aliongea vizuri. Joi naye aliongea vizuri, mkasema ni tangazo. Nimemaliza.

Fundi Redio:

Binti kaweka kucha kwenye jeraha.

Mvumilivu:

Haya, mmenishawishi. Leo naanza na ya zamani, naambiwa ziko nyingi, nachukua ipi?

Mzee wa Mkanda:

Ya 1982 iliyokwenda kwenye majumba ya sinema studio iliiogopa, wakaiwekea sauti ya Deckard anaelezea kila kitu, na mwisho wa furaha: wapenzi wawili kwenye gari, milima na miti chini. Picha hizo za milima ni mabaki aliyopiga Kubrick kwa ajili ya The Shining. Mwaka 1992 likatoka toleo lisilo na maelezo, lenye ndoto ya farasi mwenye pembe moja. Mwaka 2007 Scott akatoa la mwisho akiwa na mamlaka yote, akasafisha kasoro. Chukua la 2007. Ukikosa, la 1992. La kwanza kabisa ndilo tulilotazama Buguruni, na Ford kwenye maelezo yale anasikika kama mtu anayesomewa hukumu.

Wa Kisauni:

Na simu iwe mbali, Mvumilivu.

Mvumilivu:

Nimerudi, saa saba usiku. Sikulala! Mama watoto alilala, mimi sikulala.

Nina neno moja. Yule Roy anapokufa anamwachia njiwa. Usiku mzima mvua, giza, moshi. Njiwa anaruka, juu anga la buluu, kweupe kama saa nne asubuhi. Nimerudisha nyuma mara tatu. Ni nini pale, roho imekwenda peponi?

Mzee wa Mkanda:

Hahaha. Hapana mkuu, hiyo ni kasoro. Picha ya njiwa angani ilipigwa baadaye, kwingine, mchana. Toleo la 2007 waliirekebisha, anarukia gizani. Ina maana ulichopakua si cha 2007.

Mvumilivu:

Lakini hata jamaa haongei ongei yale maelezo filamu nzima.

Mzee wa Mkanda:

Haongei? Basi ni la 1992.

Mvumilivu:

Haongei. Sawa. Nitalitafuta hilo jingine, lakini mimi anga la buluu nimelipenda.

binti_wa_pangani:

Hata mimi.